Nje ya Minyaa

Mnyaa ukikatwa unatoa harufu mbichi inayokwaruza koo, na aliyewahi kuumizwa nao haisahau. Juzi walikata uzio wote wa minyaa wa makaburini kwenye misheni yetu ya zamani. Mchungaji, kijana mpole wa umri wa wajukuu zangu, akaja mpaka nyumbani kunipa habari huku viatu vyake vina madoa meupe ya utomvu. Nilimwambia avivue aviache uani, mbali na watoto, ndipo aseme alichojia. Akadhani nina mambo ya usafi.

"Shikamoo, bibi. Ule uzio tumeuondoa. Makaburi yamejaa, tumesogeza mpaka hadi kule kwenye njia ya zamani. Sasa mama yako yuko ndani kama wenzake. Mungu amejibu maombi yako."

"Marahaba. Mungu hajajibu kitu, baba. Nyinyi mmekosa nafasi."

Akacheka, maana ananijua kwa maneno. Akaniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamjibu kwamba ndwele ninayo hapa kwenye jicho la kushoto, asogee aione mwenyewe, hili doa jeupe halikuja kwa uzee. Alipoondoka harufu ilibaki uani mpaka jioni, nami nikakaa nayo. Nawaandikia nyinyi mliozaliwa chini ya Mwingereza kama mimi, kwa sababu hawa vijana ukiwaambia wanasema pole kisha wanaangalia simu.

Kijiji chetu kilikuwa magharibi ya Tabora, mahali ambapo zamani njia ya misafara ilipita kwenda Ujiji. Wakati wangu reli ilikuwa imeshaiua njia hiyo. Ulibaki mkondo wa majani marefu nyuma ya makaburi ya misheni, na watoto tulikatazwa kuchezea huko, kwani wapagazi waliokufa na mizigo mabegani waliachwa pembeni mwake, wengine hata udongo hawakuupata. Kati ya makaburi na njia hiyo, wazungu wa misheni walipanda uzio wa minyaa. Ndani walilazwa Wakristo, na nje walikuwa hao wasiojulikana hata majina.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kazi aliyoipenda kuliko zote, naona hata kuliko kusali, ilikuwa kukunja kile kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana baada ya ushirika. Alikikunja tatu kwa urefu, akakigeuza, akakikunja tena, kisha kona ya mwisho akaichomeka ndani ili kisifumuke. Mkono ulikuwa umezoea, basi kila kitu nyumbani alikikunja hivyo hivyo: shati lake, gunia tupu, mpaka kitambaa cha kuchujia asali. Mama alikuwa akimcheka.

"Mzee wangu, iko siku nitakupa Kabula umlaze, nimkute umemkunja tatu na kona umeichomeka."

Kabula ndiye mimi. Baba hakuwa mtu wa kucheka, lakini kwa Mama midomo ilikuwa inamcheza kidogo, na mimi nilikuwa naiangalia midomo hiyo kwa raha.

Kisha Mama akazaa mapasa. Kwetu Unyamwezi mapasa ni watoto pacha, na pacha hawazaliwi hivi hivi, ukoo mzima unatikisika. Lazima ngoma ipigwe, wazazi wanyunyiziwe dawa, na ndugu waimbe matusi ya nguoni mchana kweupe bila haya, la sivyo watoto hawakai. Misheni ilisema huo ni ushenzi, na Mkristo atakayeonekana kwenye ngoma hiyo atatengwa. Baba akasema nyumbani kwake haitapigwa. Tukaomba, asubuhi na jioni, magoti yakatuuma. Yule mdogo, Doto, akafa kabla kitovu chake hakijadondoka.

Hapo ndipo alipoingia Shangazi, dada mkubwa wa Baba, mwanamke wa nguvu, hajabatizwa na hana mpango huo. Baba alikuwa amekwenda Tabora mjini kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Shangazi alisimama mlangoni na kibuyu cha dawa mkononi.

"Wifi, mmoja ameshaondoka kwa ukaidi wa kaka yangu. Huyu Kulwa naye hebu mwangalie anavyohema. Unamngoja nani?"

"Nikifanya watanitoa kanisani."

"Kanisani utarudi. Mtoto ukimkosa utamrudia wapi?"

Mama alimwangalia Kulwa muda mrefu. Kisha akatoka naye uani, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akainamisha kichwa anyunyiziwe. Wanawake waliimba maneno ambayo mpaka leo sithubutu kuyaandika, na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, maana nilidhani ni sherehe. Kulwa akafa kabla Baba hajarudi. Kwa hiyo Doto tulimwombea akafa, na Kulwa tukampigia ngoma akafa. Mwenye kunieleza hapo anieleze, nimengoja sana.

Wazee wa kanisa walikutana barazani kwetu, kwa sababu kwetu ndiko kulikuwa na viti. Mwinjilisti, mtu mrefu aliyevaa koti hata jua likiwaka, aliuliza ni nani wanaokubali dada huyu atengwe na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya kanisa lote. Nilikuwa nyuma ya mlango nabangua karanga, nikaona mikono inanyooka. Wa Baba ulinyooka pia. Haukuwa wa kwanza, lakini ulinyooka. Mama alikuwa jikoni anawachemshia chai.

Alipangiwa kutubu wiki ile ya mateso, ili Pasaka imkute amerudishwa. Hakuifikia. Homa ilimshika katika masika yale, kifua bado kimejaa maziwa ya watoto waliokufa, akafa akiwa ametengwa. Wazee wakakaa tena barazani. Mwinjilisti akasema kwa upole kabisa kwamba dada angejaliwa siku chache zaidi mambo yangekuwa mengine, ila utaratibu ni utaratibu: azikwe nje ya minyaa, bila wimbo wala sala, na muumini yeyote atakayevuka uzio kwenda kumwombea pale naye atatengwa. Baba akainua mkono. Nilimchukia siku hiyo, nasema wazi, na sikuacha.

Sasa niwaambie nilichokijua mimi, mtoto niliyekuwa naanza kung'oka meno. Misheni yetu ilikuwa na desturi, na baadhi yenu mnaijua. Asubuhi ya Pasaka, kabla jua halijatoka, waumini wote wanakwenda makaburini na matarumbeta. Jumamosi yake makaburi yanapaliliwa na misalaba inapakwa chokaa. Mimi nilikuwa sijawahi kwenda, wadogo tuliachwa tumelala. Lakini kwenye shule ya Jumapili mwinjilisti alitufundisha kwamba tarumbeta litalia na wafu watainuka makaburini. Basi, hapo kuna nini cha kutafsiri? Tarumbeta nililijua, lilikuwa limening'inia kanisani kila siku. Makaburi niliyajua. Na watu wazima walikuwa wakifagia na kupaka chokaa kama kwenye nyumba inayongoja wageni. Nikaona wafu wa mwaka jana wameshaondoka zao, na Pasaka hii ni zamu ya wa mwaka huu.

Yaliyonisumbua yalikuwa mawili, nguo na uzio. Mama alizikwa na sanda tu, na mimi nilijua jinsi alivyokuwa na haya, hata kuoga alioga akiwa amejifunga. Nguo zake zilikuwa zimekwisha gawanywa. Wahenga walisema kufa kufaana, na Shangazi alikuwa mwanafunzi mzuri wa wahenga: matanga yalipoanuliwa aligawa za kugawa, na ile kanga nyeusi yenye maua ya njano, Mama aliyokuwa akienda nayo kanisani, akaibakiza yeye. Aliiweka ndani ya kilindo, lile sanduku lake la gome la mti lililonukia nta.

"Shangazi, Mama akirudi atavaa nini?"

"Akirudi kutoka wapi, mtoto wewe?"

"Makaburini. Pasaka."

Alinitazama, akacheka, akaendelea kupepeta mtama. "Akirudi mwambie aje aidai kwangu."

Sikutaka Mama aanze kudaiana na watu siku ya kwanza. Jumamosi, Shangazi alipokwenda mtoni, nilifungua kilindo nikaitoa kanga, nikajizungushia tumboni chini ya gauni, nikaelekea makaburini. Watu walikuwa wanapaka chokaa huku wakiimba. Upande wa pili wa minyaa hakukuwa na mtu. Tuta la Mama lilikuwa limeanza kuota majani, hakuna aliyelipalilia. Nikautazama ule uzio, mnene, mrefu kupita mtu mzima, nikaona wazi kwamba sauti ya tarumbeta haitapenya. Wote wataitwa, na Mama hatasikia. Na hata akisikia, atapita wapi?

Nikaanza kuuvunja. Nilijua mnyaa unapofua macho, kila mtoto wa kwetu anajua. Niligeuza uso pembeni, nikavunja matawi kwa jiwe na kwa mikono, na tundu lilikuwa limeshatosha mtu kupita kwa kuinama wakati tawi moja liliponiponyoka likarudi usoni.

Sitaeleza maumivu yale. Nasikia nilipiga kelele mpaka nyimbo zikakatika. Dawa ya maziwa ya mnyaa, kwetu, ni maziwa ya mama. Shangazi, akitokea mtoni, alinibeba mgongoni akitafuta mwanamke anayenyonyesha, huku akinitukana njia nzima. "Mtoto gani huyu, Mungu wenu kawapa macho nyinyi mnakwenda kuyatia sumu." Wanawake wengine walifunga milango, wakiogopa mkosi wa mapasa. Mmoja alikubali. Nikalazwa mapajani mwa mke wa watu, nikadondoshewa machoni maziwa ya mtoto wa watu, na nikawa nafikiria maziwa ya Mama yalivyokwenda ardhini bure.

Alfajiri macho yalikuwa yamevimba na kuziba kabisa. Baba alitaka niachwe, nililia mpaka akanishika mkono tukaenda. Kanga ilikuwa bado tumboni mwangu, hakuna aliyeijua. Makaburini akanisimamisha mahali. "Kaa hapa. Usiguse kitu." Akaenda kusimama na wazee wenzake. Nikanyoosha mkono nikagusa msalaba, chokaa ikanishika vidoleni. Nikaanza kujisogeza kidogo kidogo. Sikuona kitu, lakini ile harufu ya minyaa iliyovunjika ndiyo iliyonipeleka moja kwa moja mpaka kwenye tundu langu. Nikainama nikapita. Nikapapasa mpaka nikalipata tuta. Nikaifungua kanga, nikainyoosha kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyomshikia mwenzake nguo anapotoka kuoga.

Tarumbeta likalia. Nilisikia majani yanasukumwa. Nikasikia mtu anahema karibu yangu, kwa taabu, kama aliyepanda mlima. Kisha kanga ikatoka mikononi mwangu. Haikunyakuliwa, ilichukuliwa taratibu.

"Mama, ni mimi, Kabula."

Hakunijibu. Kiganja kiliwekwa juu ya kichwa changu, kikakaa, kikaondoka. Majani yakasukumwa tena, yakatulia. Wimbo ulipokwisha Baba akaja kunichukua. Nilidhani atanikaripia kwa kuvuka uzio, lakini alinishika tu mkono tukarudi nyumbani. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, si siku ya harusi yangu, si siku niliyomshika mtoto wangu wa kwanza.

Nilimwambia kila aliyepita. Mama amefufuka. Ameichukua kanga yake. Watoto wenzangu walinizunguka na kuniuliza kama alikuwa mwepesi au mzito. Wanawake walilia. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba ni mzimu wa mapasa, wapigiwe ngoma tena. Habari ikamfikia mwinjilisti, na wazee wakaitwa. Wakanikalisha kwenye kigoda katikati yao, barazani kwetu, macho bado yamefumba.

"Nani aliichukua hiyo kanga?" mwinjilisti aliuliza.

"Mama."

"Ulimwona?"

"Sikuona. Alinishika kichwa."

Mtu mmoja akakohoa. Mwinjilisti akasema, "Wazee, labda yupo aliyevuka uzio asubuhi ile, akaichukua. Kama yupo aseme, tulimalize jambo hili, mtoto asiendelee kuwachanganya watu."

Baba alikuwa amekaa karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni yake. Kuku alipita, akadonoa kitu, akaenda zake. Hakuna aliyesema.

Wakaamua kwamba nimedanganya juu ya ufufuo, jambo ambalo si la mchezo, na kwamba mzazi wangu anichape mbele yao mpaka nikane. Nikasikia Baba anainuka. Nikasikia fimbo inatolewa kwenye dari ya nyasi. Alinichapa, na mkono wake ulikuwa mzito. Nilivumilia, kwani nilijua nina Mama, atakuja kuwaona wote. Katikati ya fimbo Baba aliinama, akaniambia kwa sauti ya chini sana, sauti inayokatika, "Sema, mwanangu. Sema hakuna aliyeichukua. Sema tu yaishe."

Nikasema. "Hakuna aliyeichukua." Fimbo ikakoma, na wazee wakafunga kwa sala.

Macho yalifunguka baadaye, la kulia vizuri, la kushoto hivi mnavyoliona. Kitu cha kwanza nilichokiona sawasawa ni maua ya njano. Shangazi alikuwa anainama kutenga ugali, amejifunga kanga ya Mama kiunoni.

"Umeipata wapi?" nilimuuliza.

"Si uliniibia wewe? Nimeikuta huko huko ulikoipeleka, juu ya kaburi, upande wa kichwa." Akaketi, akanawa. "Na aliyeiweka ana adabu kuliko wewe. Imekunjwa vizuri, tatu kwa urefu, na kona imechomekwa ndani. Nilisikitika hata kuifumua."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa ameshika tonge, hajalichovya kwenye mlenda. Uso ulimshuka. Tulitazamana, yeye kwa macho mawili na mimi kwa moja, na Shangazi akatutazama sisi, mwanamke mwenye akili, akatusogezea mlenda.

"Kula, mwanangu," Baba akasema. "Unapoa."

Sikumuuliza kamwe. Alikufa akiwa mzee wa kanisa, akalazwa ndani ya minyaa kwa matarumbeta, na mimi nilisimama pale na jicho langu kavu. Uoga wake nimeuelewa, wengi wetu tumelelewa na waoga. Kinachonikosesha usingizi ni ile kanga. Angeweza kuificha ndani ya koti. Angeweza kuirudisha kwenye kilindo, au kuitupa kwenye majani, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliikunja kama kitambaa cha Meza ya Bwana, akaiweka kichwani pa mkewe, mahali ambapo mtu akiinuka mkono wake utaifikia. Mtu hamwekei nguo mtu ambaye hategemei kwamba ataamka. Kwa hiyo aliamini, tena aliamini vile vile nilivyoamini mimi. Na akiwa anaamini hivyo, alinichapa mpaka nikasema si kweli.

Sasa mchungaji ananiambia uzio haupo. Vema. Siku tarumbeta lenyewe litakapolia, Baba atainuka amkute Mama amesimama hapo hapo, na hakuna minyaa ya kujificha nyuma yake. Nataka kusikia atamweleza nini. Nimeshamwambia mchungaji mahali pangu pawe kati yao. Nina jicho moja zima, na masikio yangu yote mawili yanafanya kazi.